“Shikamoo madam, naomba nikusanye kesho”: jinsi ya kushughulikia asaimenti zinazochelewa

Ujumbe wenyewe huingia kati ya saa tatu na saa tano usiku. “Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu, mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza…” Kisha kinafuata kisa: laptopu imezima, bando limeisha, mdogo wake kalazwa, boom (hela ya mkopo ya kujikimu) halijaingia. Mwisho ombi: naomba nikusanye kesho.

Nafundisha takwimu za mwanzo katika chuo kimoja hapa Tanzania. Darasa huwa na watu 180 hadi 220, na kwa muhula wa wiki 15 natoa mazoezi sita na ripoti moja. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nasoma kila ujumbe na kuuamulia papo hapo. Huyu nampa siku mbili, huyu simpi, yule namwambia alete ushahidi. Siku moja nilimwandikia kijana mmoja aniletee cheti cha kifo cha bibi yake. Akakileta ofisini, kimekunjwa mara nne, bado kina vumbi la safari. Nikakipokea, nikakisoma, nikamrudishia. Zoezi lenyewe lilikuwa na uzito wa alama 3 kati ya 100.

Toka siku ile sijaomba tena karatasi ya msiba. Niliona pia jambo la pili, baya zaidi. Wanaoniandikia usiku ni wale wenye ujasiri wa kuandika. Wapo waliokuwa na shida kubwa kuliko hao, wakanyamaza, wakapata sifuri. Kuamua kisa kwa kisa kunaonekana ni huruma, lakini huruma hiyo humfikia anayejua kuomba tu. Mpango ninaoueleza hapa nimeutumia kwa mihula kadhaa, na lengo lake ni moja: uamuzi ufanyike kabla kisa hakijatokea, kwa wote.

Hatua ya 1. Jiulize kuchelewa kunamuumiza nani

Si kila asaimenti ina sababu ya kufungwa kwa saa na dakika. Mazoezi yangu sita yanajadiliwa kwenye semina ya Ijumaa asubuhi, majibu yakiwa ubaoni. Anayekusanya baada ya semina anakuwa ananakili tu. Hapo mlango lazima ufungwe kabla ya Ijumaa, na mwanafunzi akielezwa sababu hiyo huielewa bila kinyongo.

Ripoti ya wiki ya 12 ni jambo tofauti. Kila mmoja ana data zake, hakuna majibu ya kubandika, na mimi mwenyewe sianzi kusahihisha hadi wiki inayofuata. Ikichelewa siku tatu anayeumia ni nani? Hakuna. Kwa hiyo ripoti ina mlango mpana zaidi.

Kama huwezi kutaja anayeumia, basi tarehe yako ya mwisho ni ya mazoea tu, na unaweza kuilegeza.

Hatua ya 2. Chagua siku na saa ambayo Mswahili hawezi kuielewa vibaya

Hili hudharauliwa, na kumbe nusu ya ugomvi wangu wa zamani ulitokea hapa.

Mwaka mmoja niliandika “mwisho ni saa 12:00”. Nilimaanisha 12:00 ya kompyuta, yaani saa sita mchana. Sehemu kubwa ya darasa ikakusanya jua likizama, kwa amani kabisa, kwa sababu kwao saa 12 ni saa kumi na mbili jioni. Nani alikosea? Mimi. Muhula uliofuata nikajifanya mjanja, nikaandika “Ijumaa saa 6 usiku”. Hapo nikaongeza fumbo la pili. Kwa hesabu ya kompyuta, saa sita usiku ni 00:00, na ni mwanzo wa siku, si mwisho wake. Halafu wapo wanafunzi wangu wa Tanga na Unguja ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Tarehe moja ikawa na tafsiri mbili, na kila mwenye tafsiri yake alikuwa na hoja.

Sasa naandika hivi: “Jumanne tarehe fulani, saa 10 jioni (16:00).” Zote mbili, ya Kiswahili na ya kompyuta. Usiku nimeuacha kabisa. Saa 10 jioni maabara ya kompyuta iko wazi, steshenari za nje ya geti ziko wazi, fundi wa mfumo wa kukusanyia kazi yupo kazini, na mimi niko macho. Usiku wa kuamkia siku hiyo bado ni wao, na wengi wanautegemea kwa sababu bando la usiku ni nafuu.

Kwa nini Jumanne? Wana Jumamosi na Jumapili za kufanya kazi, wana Jumatatu ya kuja ofisini kuuliza, na zinabaki siku mbili kabla ya semina. Ijumaa niliwahi kuitumia nikaiacha: mchana kuna sala, na jua likizama Wasabato wanaingia kwenye Sabato yao. Ukiweka Ijumaa, siku za kuchelewa zinawaangukia watu wa imani moja kuliko wengine. Kwenye kalenda ya muhula ziwekee alama sikukuu zote kabla hujapanga chochote, na usiweke zoezi karibu na Iddi ukitegemea tarehe iliyochapishwa, maana mwezi huandama unapotaka.

Hatua ya 3. Mpe kila mwanafunzi siku za akiba

Huu ndio moyo wa mpango. Kila mwanafunzi anaanza muhula akiwa na siku tatu za akiba. Siku moja ni saa 24 baada ya saa ya mwisho. Anaweza kutumia moja au mbili kwa zoezi lolote kati ya matano ya kwanza, zisizidi mbili kwa zoezi moja, kwa sababu Alhamisi saa 10 jioni mlango unafungwa kwa ajili ya semina.

Haombi. Haelezi. Anakusanya kwa kuchelewa, na siku inakatwa kwenye akiba yake. Bando limeisha, kalala, kaenda kwenye harusi ya binamu yake Morogoro, hainihusu. Mwanzoni wenzangu wawili idarani waliniambia wanafunzi watazitumia zote kwenye zoezi la kwanza kisha waje kulia. Wachache hufanya hivyo kweli. Wengi huzitunza kama chenji ya daladala, na baadhi hufika mwisho wa muhula hawajagusa hata moja.

Wakati huohuo nahesabu mazoezi bora matano kati ya sita. Zoezi moja linaanguka lenyewe. Mwenye malaria wiki ya 6 hahitaji kunitafuta. Lile alilokosa ndilo linaloanguka. Mambo haya mawili, akiba na “bora tano”, yamemaliza ujumbe wa usiku karibu wote. Uliobaki ni wa mambo makubwa kweli, na huo nausoma kwa makini zaidi sasa kwa kuwa si thelathini tena.

Kwa kazi ya kikundi, siku ya akiba inakatwa kwa kila mwanakikundi. Mwenye akiba tupu kwenye kikundi ndiye atakayewasukuma wenzake, utaona.

Hatua ya 4. Amua makato, na uamue yanakatwa kutoka wapi

Akiba ikiisha, anayechelewa anakatwa asilimia 10 kwa siku. Hapa walimu wengi huishia, lakini swali lipo: asilimia 10 ya nini?

Chukua zoezi la alama 20. Mwanafunzi A kapata 15, kachelewa siku mbili. Ukikata asilimia 10 ya alama zote za zoezi, kila siku ni alama 2, anabaki na 11. Ukikata asilimia 10 ya alama alizopata, anabaki na 12. Tofauti ni ndogo. Sasa mwanafunzi B, kapata 8, kachelewa siku mbili vilevile. Kwa njia ya kwanza anabaki na 4, nusu ya jasho lake imekwenda. Kwa njia ya pili anabaki na 6.4. Kosa ni lilelile, lakini njia ya kwanza inampiga zaidi aliye dhaifu, ambaye mara nyingi ndiye aliyechelewa kwa sababu zoezi lilimshinda. Mimi nakata kutoka kwenye alama alizopata.

Kisha jikumbushe ukubwa wa vita. Kwenye kozi yangu, kozi waki (alama za kazi za muhula) ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Katika ile 40, mazoezi matano yana alama 3 kila moja, ripoti 10, jaribio 15. Zoezi lililopata alama zote likichelewa siku moja linapoteza 0.3 ya alama mia. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimewahi kukosana na darasa zima kwa sehemu tatu za kumi.

Kwa mazoezi, makato yanaishia Alhamisi mlango unapofungwa. Kwa ripoti, mlango uko wazi siku tano. Baada ya hapo ni sifuri, isipokuwa kwa yale ya Hatua ya 7.

Hatua ya 5. Iandike, ipitishe, isome darasani

Kabla ya wiki ya kwanza pitia kanuni za mitihani za chuo chako na mwonyeshe mkuu wa idara unachokusudia, hasa ile “bora tano kati ya sita”. Vyuo vingine vina sheria yake kuhusu kazi zilizochelewa, na mpango wako hauwezi kuipita. Ukishapata kibali, iweke kwenye kozi autilaini (muhtasari wa kozi). Yangu inasomeka hivi, unaweza kuichukua:

“Mazoezi hukusanywa Jumanne saa 10 jioni (16:00). Una siku tatu za akiba kwa muhula mzima. Zikitumika, hukatwa zenyewe. Usiombe ruhusa wala usieleze sababu. Hauzidi siku mbili kwa zoezi moja. Akiba ikiisha, unakatwa asilimia 10 ya alama ulizopata kwa kila siku. Alhamisi saa 10 jioni zoezi linafungwa. Mazoezi yako bora matano kati ya sita ndiyo yanayohesabiwa. Zoezi la sita halina siku za akiba.”

Nimeandika “hauzidi” miaka yote na hakuna aliyenisahihisha; sarufi inataka “usizidishe”. Sahihisha kwenye nakala yako.

Isome darasani kwa sauti, kisha mpe CR (mwakilishi wa darasa) aiweke kwenye grupu la WhatsApp na kuibandika juu. Wiki ya 3 uliza darasani: “Akiba yako ni siku ngapi?” Watakaoshangaa ndio ambao hawakuwepo wiki ya kwanza.

Hatua ya 6. Panga Moodle ifanye kazi ya bawabu

Kama chuo chako kinatumia Moodle, mfumo wa kukusanyia kazi mtandaoni, kila asaimenti ina tarehe mbili zinazochanganywa sana. “Due date” ni tarehe ya mwisho: ikipita, mfumo bado unapokea, ila unaandika kwa rangi nyekundu kwamba kazi imechelewa kwa muda gani. “Cut-off date” ndiyo kufuli: ikipita, hapokelewi mtu. Mimi naweka ya kwanza Jumanne 16:00, ya pili Alhamisi 16:00. Ukiiacha ya pili wazi, utapokea mazoezi hadi siku ya mahafali.

Mambo mengine ya kukagua kabla hujafungua:

Saa za eneo. Seva ikiwa kwenye UTC badala ya Africa/Dar_es_Salaam, mfumo unakuwa nyuma kwa saa tatu, na wewe na wanafunzi mnasoma saa tofauti.

Kitufe cha kuthibitisha. Kuna chaguo linalomlazimu mwanafunzi, baada ya kupakia faili, abonyeze tena ili kazi ihesabike imekusanywa. Wengi hupakia, wakaona jina la faili, wakaenda kulala. Kazi inabaki rasimu. Lizime chaguo hilo kwenye mazoezi madogo.

Ukubwa wa faili. Picha nne za simu zinaweza kuzidi kikomo. Waonyeshe mapema jinsi ya kuziunganisha kuwa PDF moja nyepesi kwa simu yenyewe.

Mwanafunzi mwenye ruhusa maalumu mwongezee muda yeye peke yake ndani ya mfumo. Usimfungulie mlango kwa kusogeza tarehe ya darasa zima “kidogo tu”.

Hesabu ya makato naifanya kwenye Excel. Muda wa mwisho upo kwenye F1, muda aliokusanya B2, alama C2, siku za akiba alizotumia E2. Siku alizochelewa ni =MAX(0,ROUNDUP(B2-$F$1,0)) kwenye D2, na alama halisi ni =C2*(1-0.1*MAX(0,D2-E2)). Fomula hii inahesabu dakika moja kama siku nzima, kwa hiyo kwenye F1 naandika 17:00, si 16:00. Saa moja ya huruma, na darasani siitangazi. Ukipakua orodha kutoka Moodle, tarehe huja kama maandishi yenye jina la siku mbele; lifute kwanza, la sivyo Excel haitaitambua kuwa ni tarehe.

Halafu kuna siku mfumo wenyewe unaanguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao ukayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo usisubiri kuombwa. Kanuni yangu: mfumo ukiwa chini ndani ya saa sita za mwisho, muda unasogea saa 24 kwa wote, na CR anatangaza. Umeme wa hosteli moja ukikatika, hiyo ni kazi ya siku za akiba.

Hatua ya 7. Tenga njia ya mambo makubwa

Kulazwa, kujifungua, kufiwa na mzazi, nyumba kuungua. Haya hayaingii kwenye siku tatu, na ukimwambia aliyefiwa na mama yake atumie akiba umekosea adabu. Njia ni kumpeleka kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia ustawi wa wanafunzi. Wao ndio wanaojua kupokea nyaraka hizo, wana ushauri nasaha, na wanaandika barua moja inayofika kwa walimu wake wote, kwa hiyo haanzi kusimulia msiba wake mara tano kwenye milango mitano.

Kazi yangu inabaki ndogo: natoa pole, nahamisha uzito wa zoezi alilokosa kwenye mazoezi mengine, kwa maandishi na kwa idhini ya idara. Sipendi kumpa zoezi mbadala. Mtu aliyetoka kuzika ana malimbikizo ya kozi nyingine. Zoezi langu la wiki ya 5 akilifanya wiki ya 9 halimfundishi kitu ambacho mtihani hautampima.

Hatua ya 8. Mfuate anayechelewa mara ya pili mfululizo

Kila baada ya zoezi la pili na la nne nachuja orodha kwenye Excel: nani ametumia akiba mara mbili mfululizo, nani hajakusanya kabisa. Kwa kawaida ni watu kumi hadi kumi na tano. Nawaandikia mimi, kabla hawajaniandikia, sentensi mbili tu: nimeona kazi zako mbili zimechelewa, pita ofisini Jumatatu, si kwa kukugombeza.

Mmoja alikuja akasimama mlangoni muda mrefu. Hakuwa na laptopu. Alikuwa anaandika fomula za takwimu kwa simu ya kuazima ya mwenzake wa chumbani, herufi moja moja, mwenzake akishalala. Zoezi la saa mbili lilikuwa linamchukua usiku mbili. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika “lazima ichapwe”. Kwa nini? Sikumbuki, ndivyo nilivyofanyiwa. Wiki ileile nikatangaza kwamba mazoezi yanaweza kuandikwa kwa mkono na kupigwa picha, bora yasomeke. Mwandiko wa baadhi yao ni adhabu, nakiri, lakini wanaochelewa walipungua, na kudesa kukapungua pia, maana kunakili kurasa nne kwa mkono kunachosha kuliko kubandika.

Wengine utakaowaona kwenye orodha hiyo hawana shida ya muda. Hawajaelewa somo tangu wiki ya 2. Hao wapeleke kwenye semina za ziada. Siku za akiba hata ungewapa kumi zisingewasaidia.

Hatua ya 9. Funga hesabu kabla ya UE (mtihani wa mwisho)

Zoezi la sita linakusanywa wiki ya 13, bila akiba, kwa sababu kozi waki lazima ibandikwe kabla ya mtihani na wanafunzi wapate nafasi ya kulalamika. Mwishoni mwa wiki hiyohiyo nabandika jedwali lenye namba za usajili pekee, bila majina: siku za akiba zilizotumika, zilizobaki, makato, zoezi lililoangushwa. Natoa siku tatu za kazi za kupinga. Mwaka jana walikuja watu wanne. Wawili walikuwa sahihi, nilikuwa nimekosea safu.

Wenye akiba iliyobaki watakuuliza kama inabadilishwa kuwa alama. Jibu ni hapana, na liandike kwenye autilaini mapema. Mimi nilisahau mwaka wa kwanza, nikakaa saa nzima ofisini na wawakilishi wa darasa wakinithibitishia kwa takwimu, nilizowafundisha mwenyewe, kwamba nimewadhulumu.

Na ule ujumbe wa usiku bado unaingia mara mojamoja. Nimeuhifadhia jibu kwenye simu: “Marahaba. Una siku za akiba, angalia autilaini. Kusanya ukimaliza. Kama kuna jambo kubwa, njoo ofisini kesho saa nne asubuhi.”